Kahawa ya haki Garstang, butura Muleba

Jumapili baada ya misa, parokia yetu hapa Preston, kaskazini mwa Uingereza, hufungua ukumbi watu wanywe kahawa kabla ya kutawanyika. Siku hiyo zamu ya kumimina ilikuwa ya bibi mmoja wa miaka themanini na ushee, mikono inatetemeka lakini hamwagi hata tone. Akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Tanzania, upande wa Ziwa Victoria, na kwamba nyumbani tunalima kahawa. Akaacha kumimina, akaenda kabatini, akarudi na pakiti. Akanionyesha nembo ya Fairtrade, yaani biashara ya haki, ile yenye rangi ya kijani na buluu. Ukumbi huu, akasema, haununui kahawa nyingine. Kisha akaniuliza, kwa uso wa mtu anayesubiri habari njema, kama wazazi wangu wanapata bei ya haki.

Nikasema ndiyo. Nilidanganya, tena kwenye ukumbi wa kanisa.

Asiyetoka Kagera nimweleze kidogo. Kwetu Muleba kuna kitu kinaitwa butura. Kahawa ikiwa bado maua, au punje za kijani zisizofaa hata kutafunwa, anakuja mtu mwenye fedha. Anazunguka kibanja, anaangalia mibuni iliyosimama kati ya migomba, anakadiria itatoa magunia mangapi. Anakupa fedha papo hapo. Mavuno yakifika, magunia ni yake, bei ya soko iwe imepanda hadi mbinguni. Hakuna karatasi, au ipo karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto, ina dole gumba.

Baba alikata butura Januari nilipokuwa naingia kidato cha pili. Nakumbuka kwa sababu nilitumwa kuleta kigoda cha mgeni. Mgeni alikuwa mwenye duka la pale njia panda, mtu tuliyemwita baba mdogo, aliyekuja kwenye misiba yetu na sisi tukaenda kwenye ya kwake. Alikaa, akanywa maji, akasifu mibuni. Magunia matatu ya maganda, yaani kahawa kavu isiyokobolewa, akayalipia fedha ambayo Julai isingenunua hata gunia moja na nusu. Ada ililipwa, shati jipya likapatikana. Julai nilirudi likizo, nikapanda mibuni kuchuma, nikaanika jamvini, nikageuza kwa miguu siku nzima kahawa ambayo si yetu tena. Mama alikuwa akiifukuzia kuku kana kwamba bado ni yake.

Sasa twende Garstang. Ni mji mdogo kama kilomita 18 kaskazini ya hapa ninapoishi, basi la kwenda Lancaster linapita humo. Alhamisi kuna gulio, wanauza jibini, soksi, mimea ya bustani. Ukiingia kwa barabara utaona kibao kinachokwambia huu ndio mji wa kwanza duniani wa Fairtrade. Mara ya kwanza nilicheka. Nilidhani ni majigambo ya mji usio na kingine cha kujivunia (najua mtasema mwanashomile, Mhaya wa kujisifia usomi, ndiye anayewalaumu watu kwa majigambo, sawa).

Lakini habari yenyewe ni ya kweli. Mganga wa mifugo aitwaye Bruce Crowther, mtu wa kujitolea kwenye shughuli za shirika la misaada la Oxfam, alihangaika miaka kadhaa akiwashawishi wenye maduka na migahawa ya Garstang wauze kahawa, chai na chokoleti ya biashara ya haki. Wengi walimwitikia kwa adabu tu. Mwaka 2000 akabadilisha mbinu: akawaalika viongozi wa makanisa, walimu, wafanyabiashara, wakuu wa mji, wale chakula. Mezani kulikuwa na vitu vya Fairtrade kutoka mbali pamoja na vyakula vya wakulima wa palepale Lancashire. Hapo ndipo alipowapata. Eneo hilo ni la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, nao walikuwa wakilia kwamba bei ya maziwa haifidii hata gharama. Kumbe mkulima wa kakao wa Ghana na mfugaji wa jirani wana kilio kimoja. Aprili 27 mwaka huo watu wakakusanyika kwenye mkutano wa hadhara, wakapiga kura, wakajitangaza mji wa Fairtrade. Baadaye wakafunga urafiki na New Koforidua, mji wa wakulima wa kakao huko Ghana. Leo miji, wilaya na vijiji vilivyofuata mfano huo vimepita 2,000 duniani.

Masharti yao hayana maajabu. Halmashauri ipitishe azimio na ianze kunywa kahawa hiyo vikaoni. Maduka yawe na bidhaa za Fairtrade. Shule, makanisa na maofisi yazitumie. Habari zienezwe. Iwepo kamati ya kufuatilia, maana azimio bila kamati mnajua linavyoishia. Kwa maneno mengine, ni mambo ambayo mkutano mkuu wa kijiji chochote Tanzania unaweza kuyafanya kabla ya saa sita mchana.

Nisiwasifu Waingereza kupita kiasi. Kampuni niliyoanzia kazi hapa, ya kuhudumia wazee majumbani, ilikuwa inanilipa dakika nilizokaa ndani ya nyumba ya mgonjwa tu. Dakika za kutembea kwenye mvua kutoka nyumba moja hadi nyingine zilikuwa sadaka yangu. Nyumba kadhaa kati ya hizo nilimtengenezea mzee kahawa yenye ile nembo, nikamwogesha, nikatoka nje, na saa yangu ya malipo ikasimama. Huruma ya hapa husafiri mbali, na mara nyingine inamruka aliye mlangoni.

Na hiyo Fairtrade yenyewe, tuijue inafanya nini na haifanyi nini, maana kwetu wengi wanadhani ni msaada wa wazungu. Ni kanuni ya bei. Kwa robusta isiyooshwa, ambayo ndiyo kahawa ya Kagera hasa, bei ya chini kabisa ilipandishwa Agosti 2023 kutoka dola 1.01 hadi 1.20 kwa ratili. Juu yake kuna senti 20 za kila ratili zinazokwenda kwenye mfuko wa chama cha ushirika, wanachama waamue wenyewe zifanye nini. Ukigeuza kwa kilo ni kama dola 2.65, na mfuko wa chama senti 44. Lakini hiyo ni bei ya kahawa safi iliyo tayari kupakiwa melini. Mkulima anapeleka maganda, na kilo mbili za maganda zinatoa takriban kilo moja safi. Toa usafiri, kukoboa, ushuru, makato ya chama kikuu na cha msingi. Kinachobaki ndicho chake. Tena chama kikiwa na cheti haimaanishi kahawa yake yote inanunuliwa kwa masharti hayo, kwa kawaida ni sehemu tu.

Hata hivyo mfuko ule umeacha alama. KCU, chama kikuu cha ushirika cha Bukoba ambacho mizizi yake ni ushirika wa zamani wa BNCU wa mwaka 1950, kilitumia fedha za biashara ya haki kununua hisa kwenye kiwanda cha TANICA, pale pale Bukoba. Wakulima wakawa wabia wa kiwanda kinachosindika kahawa yao. Hilo nililijua nikiwa Uingereza, kwa kusoma maelezo ya pakiti na kufuatilia. Nimezaliwa mkoa uleule wa kiwanda hicho na hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia.

Shida ni kwamba kanuni zote hizo zinaanzia kwenye mizani ya chama cha msingi. Aliyekata butura hafiki kwenye mizani hiyo. Anayefika ni mwenye duka, akiwa na magunia ya watu kumi, na bei ya haki analipwa yeye. Mwaka 2024 robusta kwenye soko la London ilipita dola 5,000 kwa tani, bei ambayo wazee wetu hawakuwahi kuiota. Ile bei ya chini ya Fairtrade ikawa haina kazi, soko limeiruka mbali. Ungedhani huo ndio mwaka wa Muleba kuezeka upya. Kwa aliyeuza kahawa ikiwa mtini Januari, bei ikipanda hivyo ndivyo anavyozidi kuibiwa.

Na anayemwibia si mzungu. Hili ndilo lililonikaa kooni siku ile ukumbini. Kahawa ikishapanda meli ina watu wa kuitetea, wana kamati, wana vibao barabarani, wana bibi wa miaka themanini anayeikagua pakiti kabatini. Kutoka mtini hadi kwenye mizani, kilomita nne tu za barabara ya vumbi, hakuna anayeitetea, kwa sababu walioko hapo ni sisi kwa sisi. Si Kagera peke yake. Muulize mkulima wa korosho wa Mtwara habari ya kangomba, ununuzi wa kienyeji wa walanguzi kwa bei ya chini nje ya chama. Muulize wa viazi wa Njombe habari ya lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu likabeba kilo mia na thelathini na kulipwa kama mia. Sheria ya vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo wanakamata, na bado mama ntilie wa Dar akipokea gunia lenye kilemba anafurahi, nami nikiwa Dar nilikula chipsi zake bila kuuliza.

Nafika kwenye sehemu ambayo ningependa kuiruka. Miaka mitatu iliyopita mdogo wangu wa ukoo alinipigia. "Kaka, naomba mtaji, nataka kununua kahawa." Nikafurahi, kijana anajituma. Nikatuma pauni 400. Agosti akanirudishia zote na faida nono, haraka kuliko mtu yeyote wa ukoo aliyewahi kunirudishia kitu. Mwaka uliofuata nikatuma 600. Sikuuliza fedha inazaaje hivyo ndani ya miezi saba. Nilijibiwa na mama kwenye simu, bila yeye kukusudia, alipokuwa akinipa habari za kijiji: fulani kauguza mke, kakata butura kwa mdogo wako, mibuni yote ya nyuma ya nyumba. Huyo fulani nilisoma naye darasa la kwanza. Kigoda sasa nilikuwa nakalia mimi, nikiwa Preston, na kikombe cha kahawa ya haki mkononi.

Nilipomkabili mdogo wangu hakuona aibu. Alinipa hoja, na ni hoja nzuri. "Kaka, mke wake alikuwa hospitali. Chama kingempa? Benki ingempa? Nisingempa mimi, angempa mwingine kwa bei mbaya zaidi." Ni kweli. Hakuna anayekata butura kwa ujinga. Ada ya sekondari za serikali imefutwa, lakini Januari bado ina sare, daftari, michango, na ugonjwa hauna msimu. Serikali kukataza butura, kama ilivyokatazwa mara nyingi, bila kuweka fedha mahali pa butura, ni kumwambia mtu asizame bila kumpa kamba.

Kwa hiyo nikisikia watu wa nyumbani wakisema biashara ya haki ni ya wanunuzi wa Ulaya, nasema hapana, sehemu kubwa ni yetu. Kijiji kikitaka kuwa Garstang kisianze na vibao. Kianze na mizani ya chama iliyowekwa hadharani, na kila mkulima aruhusiwe kupima bure hata kama anauza kwingine, ajue gunia lake lina kilo ngapi. Kianze na mfuko wa mkopo wa Januari, wa chama au wa vikoba, unaolipwa kwa fedha baada ya mavuno, kwa riba inayojulikana. Mkutano mkuu upitishe azimio na majina ya kamati yaandikwe. Na sisi tulioko nje, tunaotuma fedha kila mwezi na kujenga nyumba za vigae ambazo hatulali, tuwe tunauliza fedha yetu inafanya nini ikifika.

Januari iliyopita nilimwomba mdogo wangu ageuze ile fedha. Awakopeshe nayo watu kama mkopo wa kawaida, kwa riba ya asilimia kumi, kahawa yao ibaki yao, waipeleke chamani wenyewe. Alinikubalia kwa shingo upande, akisema Uingereza imenilainisha. Watu tisa walikopa. Mama ndiye anayetunza daftari kwa kuwa hamwamini mtu, hata mimi.

Saba wamerudisha. Mmoja ambaye hajarudisha alivusha kahawa yake Uganda usiku, akapata bei nzuri, akanunua pikipiki. Wa pili ni yule niliyesoma naye darasa la kwanza; mkewe alifariki Juni. Jana mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti, anacheka, nyuma yake nasikia redio na kuku: "Kaka, biashara ya haki imekula mtaji. Mwakani tunaendelea nayo au turudi kwenye biashara?"

Nimemwambia anipe hadi Desemba. Mama anasema deni la aliyefiwa tulifute, la mwenye pikipiki tumwachie yeye.