Missouri: sera waliikubali, chama wakakikataa

Tarehe 5 Novemba 2024 mpiga kura wa jimbo la Missouri, Marekani, alipewa karatasi moja yenye maswali mengi. Juu kulikuwa na urais, na Donald Trump wa Republican akazoa zaidi ya asilimia 58. Chini, kwenye karatasi hiyo hiyo, kulikuwa na Pendekezo A: kima cha chini cha mshahara kifike dola 15 kwa saa mwaka 2026, na mfanyakazi akiugua apate likizo yenye malipo. Nalo likapita kwa zaidi ya asilimia 57. Piga hesabu utakavyo, lazima wawepo maelfu kwa maelfu waliomchagua Trump, kisha kalamu ile ile ikashuka chini na kuunga mkono jambo ambalo mrengo wa kushoto umelipigania kwa miaka.

Siku iliyofuata, baada ya chama cha Democratic kushindwa urais, Seneta Bernie Sanders, asiye mwanachama wake ila huketi upande wake katika Seneti, alitoa tamko kali: chama hicho kimewatupa wafanyakazi, basi kisishangae wafanyakazi nao wakikitupa. Jaime Harrison, aliyekuwa mwenyekiti wa chama hicho, alimjibu hadharani kwamba huo ni upuuzi, kwani katika maisha yake hajaona rais aliyewajali wafanyakazi kuliko Joe Biden.

Harrison ana ushahidi. Desemba 2022 serikali ya Biden ilitoa takriban dola bilioni 36 kuokoa mfuko wa pensheni wa Central States, ambao wanachama wake zaidi ya 350,000, wengi wao wa chama cha wafanyakazi cha Teamsters, walikuwa hatarini kukatwa mafao. Septemba 2023 Biden alisimama na wagomaji wa viwanda vya magari huko Michigan, jambo ambalo hakuna rais aliye madarakani aliyewahi kulifanya. Pamoja na hayo, Septemba 2024 uongozi wa Teamsters ulikataa kumuunga mkono mgombea yeyote wa urais. Sioni huko utovu wa shukrani. Pensheni iliyookolewa ni balaa ambalo halikutokea, na balaa lisilotokea halionekani mezani. Bei za vyakula zilionekana: Juni 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1, na kila aliyekwenda dukani aliujua bila kusoma takwimu.

Sanders naye hakusema ovyo. Mkataba wa biashara huria na Mexico na Kanada, ulioanza kutumika Januari 1994, ulitiwa saini kuwa sheria na Bill Clinton, rais wa Democratic. Machi 2021, Sanders alipojaribu kupitisha kima cha chini cha dola 15 kwa saa kwa nchi nzima, maseneta wanane wa upande wake walipiga kura ya hapana. Kima cha chini cha nchi nzima kimeganda kwenye dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009. Mtu akifanya kazi saa 40 kila wiki, mwaka mzima bila kukosa, anapata dola 15,080 kabla ya makato.

Wapo wanaosema mshahara si kiini cha ugomvi, kwamba wafanyakazi wamekimbizwa na masuala ya maadili na lugha ya wasomi. Naichukulia hoja hiyo kwa uzito, maana hakuna anayependa kuzungumziwa kama mtoto. Lakini siku hiyo hiyo watu wa Missouri walipitisha pia kipengele cha katiba cha kurudisha haki ya kutoa mimba, kwa zaidi ya asilimia 51. Kwa hiyo hata maadili hawakuyanunua kwa furushi. Na kwa Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliopewa makazi Kansas City na St. Louis, mtu mmoja ni mfanyakazi na ni mkimbizi kwa wakati mmoja. Hana namna ya kuchagua nusu yake.

Ninachokiona mimi ni suala la kuaminiana, na kuaminiana hujengwa mlangoni kwa mtu. Mwaka 2017 wabunge wa jimbo walipitisha sheria ya kuzuia vyama vya wafanyakazi kudai ada kwa kila anayenufaika na mkataba wao. Wanachama wa vyama hivyo walizunguka na karatasi, wakakusanya saini zaidi ya 300,000 ili wananchi waipigie kura, na Agosti 2018 sheria hiyo ikaangushwa kwa kura mbili dhidi ya moja. Miezi mitatu baadaye wapiga kura wa jimbo hilo hilo wakamwangusha Seneta Claire McCaskill wa Democratic na kumchagua Josh Hawley wa Republican. Aliyekuja na karatasi ya saini alikuwa mfanyakazi mwenzao. Chama kilikuja na matangazo ya televisheni.

Hawley amelielewa hilo. Juni 2025 aliungana na Peter Welch, Mdemocratic wa Vermont, kupeleka muswada wa dola 15 kwa nchi nzima. Mwezi uliofuata alipigia kura sheria ya Trump inayopunguza fedha za Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo wananchi wa Missouri waliipanua wenyewe kwa kura mwaka 2020. Namsifu kwa la kwanza. La pili sisahau.

Upanuzi ule wa bima uliandikwa kwenye katiba ya jimbo. Pendekezo A lilikuwa sheria ya kawaida, na sheria ya kawaida bunge linaweza kuifuta. Wabunge wa Republican walisema likizo hiyo inawaelemea wafanyabiashara wadogo. Kwa mwenye mgahawa wa watu sita hilo si neno la kupuuza: mmoja akiugua, atamlipa aliyelala na atamlipa aliyekuja kushika zamu. Ila wangeweza kuwapunguzia mzigo hao wadogo tu. Waliifuta likizo yote, na Julai 2025 Gavana Mike Kehoe akatia saini.

Likizo ilianza kuhesabiwa tarehe 1 Mei mwaka huo, saa moja ya likizo kwa kila saa 30 za kazi, na ikakoma tarehe 28 Agosti. Ni wiki 17. Aliyefanya kazi saa 40 kila wiki alikuwa amejiwekea saa 22 na dakika 40, hata siku tatu hazitimii. Kama hakuwa ameugua kabla ya hapo, mwajiri hakulazimika tena kumpa hata moja.