Asiyeona Mnampa Kiti cha Nini?

Mtu akipofuka, kitu cha kwanza anacholetewa na familia ni kiti. "Baba, kaa hapa, usije ukaanguka." Analetewa chai, analetewa maji ya kunawa, na baada ya miezi kadhaa magoti yamekaza, mabega yamejikunja, hatua ni za kuburuta. Akianguka kweli, watu wanasema, "Si tulimwambia?"

Kiti hicho mimi nakipinga. Mwili hujisawazisha kwa macho, kwa sikio la ndani, na kwa hisia za misuli, viungo na nyayo. Macho yakiondoka, hayo mengine ndiyo ya kutiwa mazoezi.

Mjomba wangu, hapa Kisumu, alipofushwa na presha ya macho. Mtaalamu wa kwanza wa tiba ya viungo alimwambia, "Mzee, fanya hivi," huku akiinua mkono wake mwenyewe. Hivi vipi sasa? Wa pili, binti mdogo tu, aliomba ruhusa kwanza: "Mzee, nikuguse bega?" Kisha akaenda naye neno kwa neno: "Shika ukingo wa meza. Inua kisigino cha kulia, vidole vibaki sakafuni. Teremsha polepole." Mzee akaelewa mara moja. Mashine haikuwepo, palikuwa na meza na mdomo.

Binti huyo huyo alimkataza kubana pumzi anaponyanyua kitu kizito, na kuinamisha kichwa chini kwa muda mrefu, maana presha ya jicho hupanda. Kwa hiyo daktari wa macho aulizwe kabla ya mazoezi kuanza.

Tatizo kubwa liko nje ya geti. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kufika kila mahali, lakini kibanda cha mahindi kilichokaa katikati ya njia ya miguu hakijakisoma, wala bodaboda waliopanga pikipiki hapo.

Mwanariadha wa Kenya Henry Wanyoike alipofuka mwaka 1995. Mwaka 2000 akashinda dhahabu ya mita 5,000 kwenye Paralimpiki za Sydney, michezo ya dunia ya walemavu, akikimbia na mwongozaji. Simwambii mjomba akimbie. Ila kamba fupi, kama ile ya mkimbiaji asiyeona na mwongozaji wake, inamfaa hata mtembeaji: kila mmoja ashike ncha yake, anayeona ataje kinachokuja, mtaro, ngazi, pikipiki. Alfajiri ndiyo nzuri, kabla vibanda havijafunguliwa.