Ruzuku ya Unga Haikufika Kisiagini

Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ya Uhuru Kenyatta ilitangaza kwamba pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ingeuzwa Sh100 badala ya Sh205. Mwaka wa 2017, ambao pia ulikuwa wa uchaguzi, pakiti hiyo ilikuwa imeshushwa hadi Sh90. Mara zote mbili ruzuku ilipitia kwa wenye viwanda vya kusaga unga ikaishia dukani, na wengi walioifaidi ni wakazi wa mijini waliopanga foleni kwenye supamaketi.

Kwetu magharibi mwa Kenya, maskini hanunui pakiti. Ukitaka kujua anakula nini, simama kando ya kisiagi, mashine ya kusaga mahindi, saa kumi na moja jioni. Mama ametoka kupalilia shamba la watu, amelipwa kibarua chake, amepitia sokoni na kupimiwa gorogoro moja (kopo la kupimia) ya mahindi. Siku mbaya hupimiwa nusu. Anayapepeta, anaokota vijiwe, analipa pesa za kusaga, kisha anaondoka na unga ungali moto ndani ya ndoo ili watoto wapate ugali usiku huo. Kuanzia shambani hadi jikoni, hakuna alipokutana na hata shilingi moja ya ruzuku, ingawa kila akinunua sabuni anatozwa kodi kama mtu mwingine yeyote.

Wengi wa mijini hudhani kila anayeishi kijijini ana mahindi ghalani. Si kweli hata kidogo. Mwenye robo ekari huvuna kidogo, na hicho kidogo hukiuza mapema ili alipe karo na madeni, wakati bei iko chini kabisa. Ikifika Mei amegeuka mnunuzi, tena kwa bei ya juu. Jirani yake mwenye ekari 30 ameyaweka yake akingojea bei hiyohiyo. Wote wawili tunawaita wakulima, na serikali huwapangia sera moja.

William Ruto alipoapishwa Septemba 2022 alifutilia mbali ruzuku ya unga, akisema imemeza Sh7 bilioni kwa mwezi mmoja bila matokeo. Kwa hilo namuunga mkono. Akageukia mbolea: mfuko wa kilo 50 ukashuka kutoka Sh6,500 hadi Sh3,500, na mwaka uliofuata hadi Sh2,500. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Kwa bei ya Sh3,500, kila mfuko ulimpunguzia mkulima Sh3,000. Aliyechukua mifuko 20 alibaki na Sh60,000 mfukoni mwake. Aliyechukua mmoja alibaki na Sh3,000, na bado akailipa bodaboda kutoka ghala la NCPB, bodi ya nafaka ya serikali, hadi nyumbani. Yule mama wa kibarua, asiye na shamba, hakupata kitu. Ruzuku inayofuata ukubwa wa shamba humpa zaidi aliye nacho tayari.

Najua nitajibiwa kwamba mavuno yakiongezeka bei itashuka na kila mtu atafaidika. Kuna ukweli hapo. Ila bei hushuka sana msimu wa mavuno, maskini akiwa anauza, na akirudi sokoni kununua anaikuta imeshapanda.

Pesa hizi zifuate nyumba yenye njaa. Njia ipo tayari: Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi, na familia nyingi za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera zimekuwa zikipokea pesa taslimu za kukabiliana na njaa kwa miaka mingi. Mpango kama huo uletwe pia katika kaunti zinazoitwa za kilimo, kwa nyumba zisizo na ardhi na zile zenye chini ya ekari moja, na pesa zitumwe kati ya Aprili na Julai, kabla mahindi mapya hayajakomaa.

Hofu yangu kubwa ni orodha. Tumezoea kuona jamaa za wakubwa wakiandikwa kwanza, na mjane anayeishi nyuma ya shule akisahaulika. Kwa hiyo majina yasomwe kwenye baraza la chifu, jina moja baada ya jingine, na wanakijiji wapewe nafasi ya kupinga na kuongeza kabla shilingi yoyote haijatumwa.