Mdogo wangu, anza na .22

Nimerudi kutoka uwanja wa shabaha nimekasirika, na aliyenikasirisha ni mtu ninayempenda. Kijana mmoja tunayefanya naye kazi amekuwa akinunua vipande vya AR-15, ile bunduki ya nusu otomatiki (inajikoki yenyewe kila baada ya risasi), kidogo kidogo, mwezi huu mtutu, mwezi ujao kitako, akaviunga mwenyewe usiku huku akitazama video. Juzi akaileta. Darubini ipo, tochi ipo, leza ipo. Niliposhika nikahisi nimepewa mtungi wa gesi nibebe. "Kaka, unaionaje?" Nikamwambia ni nzuri. Ilikuwa nzuri kweli, ikiwa mezani.

Kisha akaanza kupiga. Shabaha iko mita 50, risasi zinakwenda kila upande isipokuwa kwenye karatasi. Akalaumu darubini. Akalaumu upepo, na siku hiyo hata jani halikutikisika. Magazini ya pili nikaijaza mimi, na katikati nikapenyeza risasi moja ya bandia isiyo na baruti. Alipoifikia, triga ikalia "tak", mlio hakuna, na mdomo wa bunduki ukainama chini kama jogoo anayedonoa mtama. Mwili wake ulishajihami na teke la bunduki ambalo halikuja. Akanitazama. Sikusema kitu. Baada ya risasi 40 akafunga mkoba, maana risasi ni ghali na fedha zote zilishaishia kwenye leza.

Sasa wenzangu mnaowashauri vijana hawa, mnanisikia? Kila anayeuliza "ninunue au niunge?" mnamrukia na hoja za urefu wa mtutu, aina ya gesi, chapa ya triga. Hakuna anayemuuliza amewahi kufyatua risasi ngapi maishani.

Nusu otomatiki ya kwanza iwe ya .22, ile risasi ndogo. Mojawapo, Ruger 10/22, ipo sokoni tangu 1964, na sijawahi kukutana na mpigaji hodari aliyeona aibu kuwa nayo. Magazini yake ya risasi 10 inazama ndani ya mwili wa bunduki, haichomozi, haikwami nguoni. Teke lake ni kama mtu amekugusa bega akuulize saa. Na hapo ndipo penye siri yote: usipoogopa bunduki, unaanza kujiona. Unaona jinsi unavyoivuta triga kwa pupa, unavyofumba jicho, unavyoinua kichwa kabla risasi haijafika ili uone umepata. Makosa hayo yote yapo pia ukishika 5.56, risasi ya AR, ila yamefunikwa na kelele na moshi, na wewe unalaumu darubini. Risasi za .22 bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya 5.56, kwa hiyo fedha zilizompa yule kijana dakika 10 za kujidanganya zingempa mchana mzima wa kujifunza. Mchana mzima! Halafu mwingine, halafu mwingine. Mkono haufundishwi na chuma kizuri. Unafundishwa na kurudia, na kurudia kunahitaji risasi nyingi unazoweza kuzilipia bila kumkopa mkeo.

Mtasema .22 hugoma. Ni kweli, risasi yake hupigwa ukingoni na mara moja moja haiwaki. Vizuri! Ajifunze kutulia, mdomo wa bunduki ukielekea shabaha, ahesabu sekunde 30 kabla ya kufungua, isije ikawaka kwa kuchelewa. Afadhali ajifunzie hapo.

Waingereza walipiga marufuku nusu otomatiki za risasi kubwa mwaka 1988, zikabaki za .22 kwa kibali. Wanashindana nazo hadi leo na hawajafa kwa huzuni.

Na hamu ya kuunga? Naijua, maana nami nilikuwa na kiherehere hicho hicho. AR yangu ya kwanza niliiunga mwenyewe, nikakiweka kile kipande cha gesi kwenye mtutu, kinachochota gesi ya risasi ili bunduki ijikoki, kikiwa kimepinda kidogo sana, upana wa ukucha haufiki. Tundu halikukutana na tundu. Kila risasi moja ilinibidi nikoki kwa mkono. Nilitumia miezi 4 kutengeneza nusu otomatiki, nikapata gobore lenye darubini. Mwenye kiherehere kama changu aunge hiyo hiyo 10/22: mtutu wake umeshikwa na skrubu 2, kitako kinatoka kwa bisibisi, triga unabadilisha mezani kwako.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuunga AR kunakufundisha bunduki yako ilivyo ndani. Nakubali pia kwamba anayelinda shamba dhidi ya nguruwe mwitu hawezi kwenda na .22. Huyo anunue AR iliyotoka kiwandani imekamilika, yenye chemba (chumba cha risasi) ya 5.56, kwa sababu itakula pia .223, risasi inayofanana nayo, ilhali chemba ya .223 haipaswi kulishwa 5.56. Leza abaki nayo muuzaji.

Sheria, neno moja tu kwa walioko Marekani: kwenye AR, kile kipande cha chini chenye namba ndicho bunduki mbele ya serikali. Ukikinunua dukani utajaza fomu 4473 ya serikali ya wanunuzi wa bunduki na kukaguliwa, hata kama vipande vingine vililetwa na posta mlangoni. Mtutu usipungue inchi 16, la sivyo umeingia kwenye sheria ya silaha ya 1934 (NFA) na usajili wake. Na majimbo kadhaa yana marufuku yake, soma ya kwako kabla ya kutoa hata senti.

Yule kijana nilimpa 10/22 yangu kabla hatujaondoka. Alinuna kidogo, akaitazama kama mtu mzima aliyepewa baiskeli ya mtoto. Boksi la kwanza la risasi 50 alilipiga kwa kunifurahisha. La pili alilichukua mwenyewe mkobani kwangu bila kuuliza. Kwenye la tatu matundu yalikuwa yamekusanyika, yote unaweza kuyafunika kwa kiganja, na AR yake bado imelala kwenye mkoba. Jua linazama, walinzi wanatufukuza, ndipo akaniuliza naiuza kiasi gani.

Siiuzi.