Oslo: Mpito wa Miaka Mitano Usiokwisha

Mapatano ya Oslo kati ya Israeli na PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, yalianza na barua ambazo Yasser Arafat, kiongozi wa PLO, na Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israeli, walipelekeana tarehe 9 Septemba 1993. Hazikuwa na uzito sawa. Arafat aliitambua haki ya Israeli kuwepo kwa amani na usalama. Rabin aliitambua PLO kuwa mwakilishi wa Wapalestina, basi. Dola yao haikutajwa. Wakosoaji wa Oslo huanzia hapo, na wana hoja. Kwa maoni yangu, hata hivyo, kilichoiumiza zaidi Palestina ni kalenda.

Mpito wa miaka mitano, ambapo Wapalestina wangejitawala kwa kiasi tu, ulipangwa uishe Mei 1999, na masuala mazito (Jerusalem, wakimbizi, mipaka, makaazi ya walowezi wa Kiisraeli) yakawekwa kiporo hadi muafaka wa mwisho. Mgawanyo wa Ukingo wa Magharibi uliotokana na mkataba wa pili wa Oslo, wa 1995, nao ulikuwa wa muda, lakini upo hadi leo: Eneo A, takriban asilimia 18, chini ya Mamlaka ya Palestina (serikali ya Wapalestina iliyozaliwa na Oslo), B, kama 22, ambako usalama umebaki kwa Israeli, na C, karibu 60, mikononi mwa Israeli moja kwa moja. Mpalestina wa Eneo C akitaka kuongeza chumba au kuchimba kisima huomba kibali kwa mamlaka za kijeshi za Israeli, na maombi mengi mno hukataliwa. Akijenga bila kibali, amri ya kubomoa humfuata.

Mkataba huo wa 1995 ulikataza kubadili hadhi ya ardhi kabla ya muafaka wa mwisho, ila haukusema waziwazi kwamba ujenzi wa makaazi usimame, wala haukuweka mwamuzi wa kumbana anayekiuka. Walowezi, bila kuhesabu Jerusalem Mashariki, walikuwa kama 110,000 mwaka 1993. Sasa wamepita 500,000. Mwenye kushika ardhi ana haraka gani?

Watetezi wa Oslo nao hawasemi ovyo. Hadi mapema 1993, Mwisraeli kukutana na PLO lilikuwa kosa la jinai. Oslo ilimrudisha Arafat Gaza Julai 1994, ikaleta uchaguzi wa 1996 na wizara zenye watumishi. Tena, mauaji ya waumini msikitini Hebron mwaka 1994, mabomu ya Hamas, kundi la Kipalestina lililoipinga Oslo, na kuuawa kwa Rabin Novemba 1995 hayakuandikwa kwenye mkataba wowote.

Lakini hata wizara hizo zina kamba shingoni. Kwa Itifaki ya Paris ya 1994, mapatano ya uchumi ya pande hizo mbili, kontena la mfanyabiashara wa Ramallah, Ukingo wa Magharibi, likishuka bandari ya Ashdod nchini Israeli, ushuru hukusanywa na Israeli, hukatwa asilimia 3 kama ada ya huduma, kisha hupelekwa kwa Mamlaka. Fungu hilo ni zaidi ya nusu ya mapato yake, na Israeli imelizuia au kulipunguza mara nyingi. Ndiyo maana wito wa kuivunja Mamlaka, unaosikika kila mazungumzo yakikwama, hukwamia kwenye swali la nani atawalipa walimu na wauguzi mwezi unaofuata.