Kisu Kizima, Kijiko Kimeliwa

Muuza samaki aliyeniletea kisu alitaka vitu viwili: mnyororo kama ule unaochongwa kwenye fremu za milango ya Unguja, upite bapa lote, na chini yake neno moja tu, SIAZIMISHI. Wenzake wa meza za jirani sokoni walikuwa wamemchosha. Nikamwambia njoo kesho jioni.

Kisu chenyewe ni cha stenlesi, chuma kisichoota kutu kirahisi, nayo haichorwi kwa ndimu wala siki. Ina kromu, angalau asilimia 10.5, na hiyo kromu ikikutana na hewa inajivika ngozi nyembamba usiyoiona kwa macho. Dawa ya mafundi saketi, kloridi ya feri, inaipenya, lakini ukiacha chupa wazi stoo usiku mmoja, asubuhi koleo na tupa zako zote zimeota kutu kwa mvuke wake. Mimi natumia maji ya chumvi na betri ya pikipiki, volti 12: umeme unakula chuma pale tu nilipopaacha wazi.

Maandalizi niliyafanya kwa adabu zote. Kisu nikakisugua msasa laini, nikakipangusa kwa spiriti, na baada ya hapo sikugusa bapa kwa vidole, maana alama ya kidole ni mafuta, na rangi haishiki juu ya mafuta. Nikakipaka rangi ya kucha matabaka mawili, la pili baada ya la kwanza kukauka, ikalala hadi asubuhi. Makali na mgongo nikaviziba kwa tepu ya umeme. Halafu nikachora kwa sindano, nikikwangua rangi mpaka chuma king'ae. Mnyororo peke yake ulinila saa mbili.

Maji: vijiko viwili vya chai vya chumvi kwenye nusu glasi ya maji ya uvuguvugu. Glavu mkononi, kazi nje penye upepo, maana chumvi ikipigwa umeme inatoa harufu ya klorini inayowasha pua. Kilichobaki ni kitu cha chuma cha kuzungushia pamba. Siku zote natumia msumari. Siku hiyo sikuuona, nikachukua kijiko jikoni.

Kijiko chenyewe kilikuwa cha seti ya vijiko sita ambayo mama mkwe alimpa binti yake siku ya harusi. Kila akija huvihesabu.

Waya zangu zote mbili ni nyeusi, nilizikata kwenye chaja mbovu. Nikabana moja kwenye kisu, nyingine kwenye kijiko, nikalowesha pamba, nikaigusisha kwenye mnyororo. Povu! Vipovu vyeupe vinachemka kwenye kila pete. Nikajisemea, leo chuma kinatafunwa hasa. Nikabonyeza sekunde tatu, nikainua, nikabonyeza tena, dakika ishirini. Pamba ikageuka rangi ya mchuzi wa mchicha uliolala. Nikakifuta kisu: mnyororo unang'aa, haujachimbika hata unywele. Nikaongeza chumvi, nikabadilisha pamba, nikaenda dakika ishirini nyingine kwa hasira.

Ndugu yangu, povu si kutafunwa. Povu jingi ni haidrojeni, nayo hutoka upande wa hasi. Kinacholiwa ni kilichofungwa upande wa chanya, tena hicho huliwa kimyakimya, kinaacha uchafu wa kijani na kahawia. Kisu changu kilikuwa kimekaa hasi, kinaogeshwa. Ningechovya ncha za waya kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanza, ile inayotoa povu zaidi ingenionyesha hasi. Sekunde tano tu.

Nikafungua pamba. Mdomo wa kijiko umeng'atwang'atwa kama na panya, tumbo lina madoa kama limeugua ndui, na ukikiinua juani, vitobo viwili vinapitisha mwanga.

Nikageuza waya. Sasa bila mbwembwe: sekunde tatu, inua, futa, badilisha pamba ikichafuka, mara ishirini kila sehemu. Mnyororo ukazama vizuri, herufi zikasimama. Nikapangusa kwa maji ya magadi ili chumvi isiendelee kula kichinichini, nikasuuza, nikakausha, nikaondoa rangi kwa asetoni, nikapaka mafuta. Yale maji ya kijani nikayafunga kwenye chupa. Yana kromu, hayamwagwi bustanini kwenye mchicha.

Nikawa nakitazama kisu na kujisifu, ndipo mama mkwe akatokea mlango wa uani na kikombe cha chai mkononi. Kijiko kilikuwa ndani ya kikombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mkwe wangu, hebu nisaidie. Nakoroga chai, inavuja kwenye kijiko. Ni macho yangu?"

"Mama, nilikiazima kidogo..."

"Kwa nani?"

Hapo sikuwa na jibu. Akaweka kikombe chini, akakichukua kisu, akakisogeza mbali na macho kama wasomavyo wazee, akasoma herufi moja moja. SI-A-ZI-MI-SHI. Akatabasamu.

"Maneno mazuri kama ya kanga. Na mimi siazimishi."

Akakiviringisha kwenye mtandio wake, akaingia nacho ndani. Huko mbele nikasikia mtu anapiga hodi, na harufu ya samaki imemtangulia.