André Hazes: bia, machozi na wimbo wa kuazima

Waliokulia na redio Kenya na Tanzania hawahitaji kuelezwa Kenny Rogers, mwimbaji wa country wa Marekani, ni nani. Mwaka 1979 kilivuma kibao chake cha mwanamuziki anayerudi nyumbani usiku wa manane, mkewe kalala, lakini mke huyo bado anaamini ipo siku mumewe atafanikiwa. Miaka miwili baadaye mwimbaji André Hazes wa Amsterdam, Uholanzi, aliuchukua muziki huohuo, akauandikia maneno ya Kiholanzi, akauita *Zij gelooft in mij*, yaani "Ananiamini". Ukipigwa baa huko kwao, watu wazima hushikana mabega na kuimba mpaka sauti zikauke, na Rogers hatajwi kabisa.

Mzozo wa muda mrefu kuhusu Hazes unaanzia hapohapo. Alikuwa msanii wa kweli, au mtu wa kaunta aliyejua kuwakamua walevi machozi kwa nyimbo za kuazima?

Wanaombeza wana hoja. Aina aliyoimba, *levenslied*, "wimbo wa maisha", kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa muziki wa mitaa ya wavuja jasho: akordioni, mama aliyekufa, mapenzi yaliyovunjika, glasi iliyobaki nusu. Chukua *De vlieger* ya 1977. Mtoto ametimiza miaka minane, anaomba tiara. Baba anamnunulia, kumbe mtoto ana barua anayotaka kuifunga kwenye tiara hiyo impelekee mamake mbinguni. Mtu yeyote anayejua jinsi nyimbo zinavyotungwa atakwambia huko ni kumbonyeza msikilizaji palepale penye kidonda. Hata mimi, nilipoelewa maneno yake kwa mara ya kwanza, nilicheka kwa jinsi mtego ulivyokuwa wazi. Kisha kiitikio kikaingia, nikanyamaza.

Ninachowalaumu wabezaji ni kudhani kwamba machozi yale yalikuwa bidhaa tu. Hazes alizaliwa tarehe 30 Juni 1951 katika mtaa wa De Pijp, na akiwa na miaka minane alikuwa akiimba katika soko la Albert Cuyp. Inasimuliwa kwamba alitaka hela ya zawadi ya mamake. Mwigizaji Johnny Kraaijkamp akamsikia, na mwaka huohuo wa 1959 mtoto akaonekana kwenye televisheni. Nyota ile ilizimika upesi. Alipokua alifanya kazi za ujenzi, akauza nyama buchani, akahudumu baa huku akiwaimbia wateja. Mwaka 1976 alikuwa na wimbo wa mfungwa anayepitisha Krismasi peke yake jela. Aliuandika kwa ajili ya Willy Alberti, mwimbaji mkubwa wa jiji lile. Alberti akamwambia auimbe mwenyewe. Ukawa ndio mlango wake.

Kwa hiyo suala la kuazima halinisumbui sana. Muziki ni wa mwingine, sawa. Lakini sikiliza anavyozivuta irabu mpaka karibu zikatike, kama mtu anayezuia kilio mbele ya watoto. Rogers anasimulia kwa utulivu, amekaa kitini. Hazes anasimulia kama mtu ambaye mkewe anaweza kuamka wakati wowote na kumuuliza pesa ya kodi iko wapi. Mwaka 1982 aliimba Concertgebouw, ukumbi wa Amsterdam uliojengewa muziki wa klasiki wa Ulaya, na wale waliosema hajui muziki walilazimika kutafuta hoja nyingine.

Mashabiki nao hawatoki salama. Walimpenda kwa sababu alikuwa mwenzao, na ushahidi wa uenzao ukawa chupa ya bia mkononi jukwaani. Mwaka 1999 John Appel alitoa filamu ya maisha yake, iliyobeba jina la wimbo ule wa kuazima, *Zij gelooft in mij*. Ndani yake yumo mtu mwenye wasiwasi, anayeogopa jukwaa, bia haiko mbali, na ndoa yenye mivutano. Filamu ilishinda tuzo kuu katika tamasha la filamu za hali halisi la Amsterdam, na hata waliokuwa wakimdharau wakaanza kumheshimu. Mimi ninaitazama kwa moyo mzito. Tuliona mtu anaumia, tukamsifu kwa jinsi anavyoumia vizuri. Angeacha pombe na kuimba akiwa mtulivu, sidhani kama umati ungemsamehe.

Miaka ya mwisho masikio yalimsumbua vibaya, kwa mwimbaji adhabu iliyoje. Alifariki tarehe 23 Septemba 2004, akiwa na miaka 53. Siku nne baadaye jeneza lake liliwekwa katikati ya uwanja wa mpira wa Ajax, na takribani watu 50,000 wakaja kumuaga. *Zij gelooft in mij* ulipanda hadi nambari moja baada ya kifo chake.

Ulipotimia mwaka mmoja, sehemu ya majivu yake ilirushwa angani kwa fataki kule Hoek van Holland, pwani ya Uholanzi. Albert Cuyp ikapata sanamu yake ya shaba, katikati ya meza za samaki na nguo za bei nafuu, sokoni palepale mtoto wa miaka minane aliposimama kuimba.